Nani Anawapigia Nyumbu Muziki?

Kuanzia Julai hadi Oktoba magari ya watalii hujipanga kwenye kingo za Mto Mara, pande za Kogatende na Lamai, kaskazini kabisa mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wanasubiri nyumbu wavuke. Nyumbu wenyewe hawana haraka. Hukusanyika ukingoni tangu asubuhi, husogea, hurudi nyuma, na pengine hugeuka wakaenda zao malishoni kana kwamba hakuna mto. Kisha mmoja anajitupa majini, na nyuma yake maelfu. Kinachosikika hapo ni ule mguno wao mfupi na mzito unaorudiwa na kila koo, ndama wakiita mama zao, kwato zikiporomosha mawe na udongo mkavu, na maji yakipigwa. Vumbi linafunika kila kitu. Hakuna ngoma wala fidla.

Sasa litazame tukio hilohilo kwenye televisheni. Fidla kubwa inavutwa polepole, kwa sauti ya chini inayokaa tumboni. Macho ya mamba yanaibuka juu ya maji, na mahali fulani ngoma inaanza kudunda. Nyumbu wa kwanza anaruka: okestra nzima inafunguka. Mamba anakamata ndama, na muziki unakatika ghafla. Mama mwingine na mtoto wake wanafika ng'ambo salama, sauti ya mwanamke inapanda juu, na wewe uliyeketi sebuleni Tarime au Mugumu, si mbali na mto wenyewe, unagundua kwamba ulikuwa umezuia pumzi.

Ni vigumu kutaja tukio la wanyama lililopigwa picha mara nyingi kuliko hili. Msafara wa Serengeti na Maasai Mara una nyumbu zaidi ya milioni moja, pamoja na pundamilia na swala kwa malaki, na karibu kila kampuni kubwa ya filamu za wanyama duniani imewahi kuleta kamera. Mto uliobeba umaarufu huo ni wetu wa kila siku. Ukishatoka hifadhini hutenganisha wilaya ya Tarime na ya Serengeti, huenda zake katika vinamasi, hupita chini ya daraja la Kirumi na kuingia Ziwa Victoria. Watu wa kingo hizo wana nyuzi zao na ngoma zao. Katika filamu zote za mto huu nilizowahi kutazama, sijawahi kuzisikia.

Hilo ndilo linaloniandikisha makala haya. Anayechagua muziki wa picha ndiye anayeamua mtazamaji amwogope nani na amhurumie nani, na uamuzi huo kuhusu ardhi ya Mara umekuwa ukifanyika mbali sana na Mara.

Watu wengi hawajui hata sauti za wanyama katika filamu hizo zinatoka wapi. Mpigapicha wa wanyama ana lenzi ndefu inayomwezesha kuona kope za mamba akiwa mita mia kadhaa. Kipaza sauti hakina lenzi ya namna hiyo. Hunasa zaidi upepo, injini ya gari na mazungumzo ya watalii. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sauti tunazozisikia hutengenezwa baadaye studio, na mafundi wanaotazama picha huku wakiiga kila kitendo: mikono ikigonga changarawe kuwa kwato, beseni la maji likichapwa kuwa mto. Ni ufundi halali na wa zamani katika sinema. Lakini baada ya sauti hizo za kuigwa huja muziki, na muziki hauigi chochote. Unatoa hukumu.

Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Andrew Nosal walichapisha katika jarida la PLOS ONE jaribio lililofanywa kwa watazamaji zaidi ya elfu mbili. Walionyeshwa video ya sekunde 60 ya papa wakiogelea. Baadhi waliisikia na muziki wa kutisha, wengine na muziki wa furaha, wengine kimya. Picha ilikuwa ileile. Waliosikia muziki wa kutisha ndio walioondoka na maoni mabaya zaidi juu ya papa. Kila aliyetazama filamu ya papa, Jaws, ya mwaka 1975 anaelewa kwa nini: noti mbili tu za John Williams, zikirudiwa, zilitosha kuwaondoa watu baharini.

Mamba wa Mara ana kesi hiyohiyo. Fisi ana kesi kubwa zaidi. Mtafiti Hans Kruuk, aliyeanza kuwachunguza fisi wa Serengeti na Ngorongoro mwaka 1964, alionyesha katika kitabu chake cha 1972 kwamba fisi huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba simba naye humnyang'anya. Utafiti ulifanyika hapa, kwenye nyasi hizihizi. Miaka 22 baada ya kitabu hicho, filamu ya katuni The Lion King iliwapitisha fisi kwa gwaride la kijeshi mbele ya Scar, simba mwovu wa hadithi, wimbo ukivuma ndani ya pango, na watoto wa dunia nzima wakajua fisi ni nani. Kitabu cha kisayansi kitamfikia nani baada ya hapo?

Hata hivyo sitaki kuidharau The Lion King, kwa sababu mwanzo wake ni mojawapo ya mikutano mizuri ya muziki na picha iliyowahi kufanyika kuhusu bara hili. Jua linachomoza, na kabla ya ala yoyote inaingia sauti ya mtu akiita kwa nguvu zote za kifua chake, kwa Kizulu. Mwitaji ni Lebo M wa Soweto. Hans Zimmer, aliyepata tuzo ya Oscar kwa muziki wa filamu hiyo, angeweza kuanza na tarumbeta kama ilivyo desturi ya Hollywood. Aliacha koo la binadamu litangulie. Wanyama wanaokusanyika baada ya mwito huo wana majina ya Kiswahili, wachoraji wao walisafiri Kenya kutazama mandhari, na sauti inatoka kusini kabisa mwa bara. Kijiografia ni mchanganyiko wa ajabu, lakini kimuziki umefaulu, na umefaulu mno: siku hizi mtu akitaka kuonyesha macheo ya savana mahali popote duniani, anatafuta sauti inayofanana na ya Soweto. Macheo ya Tarime hayajapata nafasi ya kusikika kwa sauti yake.

Turudi nyuma kidogo. Filamu iliyoitangaza Serengeti kwa mara ya kwanza kwa uzito ni Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyotoka Ujerumani mwaka 1959 na kupata Oscar ya filamu bora ya hali halisi. Wengi wanakumbuka ndege yao ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, na kifo cha Michael tarehe 10 Januari 1959 ndege hiyo ilipogongana na tai. Muziki ulitungwa na Wolfgang Zeller, mkongwe aliyekuwa akitungia sinema za Ujerumani tangu zama za filamu bubu. Ni okestra ya Ulaya, iliyopangwa kwa masikio ya watazamaji wa Ulaya, nao ndio walioombwa wachangie fedha na huruma. Filamu ilifanya kazi iliyokusudiwa. Njia iliyofunguliwa hapo ndiyo iliyofuatwa na karibu wote waliokuja baadaye.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1950 Hollywood ilitoa King Solomon's Mines, iliyopigwa picha Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, na waliotengeneza waliamua kutotumia okestra. Ngoma na nyimbo za Waafrika ndizo zilizobeba filamu. Sina sababu ya kuisifu hadithi yenyewe, ambayo ni ya wazungu wanaomtafuta mwenzao aliyepotea akisaka almasi, lakini sikio lake lilikuwa wazi kuliko la nyingi zilizoifuata. Kasoro yake ni kwamba mtazamaji anainuka kitini bila kujua jina hata moja la mtu aliyepiga ngoma zile.

Miaka kumi na miwili baadaye ikaja Hatari!, ambayo hata jina lake ni letu. Howard Hawks alimleta John Wayne Tanganyika mwishoni mwa 1960, wakapiga picha pande za Arusha, na waigizaji wenyewe wakakimbiza vifaru na twiga kwa magari. Kati ya picha alizorudi nazo Hawks kulikuwa na kipande cha mwigizaji Elsa Martinelli akiwapeleka ndovu wadogo kuoga. Kilikuwa kizuri, lakini hakikuisogeza hadithi popote, na Hawks alikuwa akifikiria kukitupa. Akamwonyesha mtunzi wa muziki, Henry Mancini. Mancini alitazama mwendo wa wale watoto, matako yakiyumba kushoto na kulia, akasikia ndani yake mdundo wa bugi-wugi. Akaandika wimbo kwa klarineti ndogo yenye sauti kali na kinanda cha sarakasi. Ndivyo ilivyozaliwa "Baby Elephant Walk", iliyompa tuzo ya Grammy, na kipande kilichokuwa kikielekea jalalani kikawa ndicho kinachokumbukwa kuliko kifaru yeyote wa filamu hiyo.

Hicho ni kisa ninachowarudia kila mara vijana wanaotengeneza filamu, kwa sababu mpangilio wake ni wa kufundisha. Mancini hakuuliza wimbo gani unavuma. Alitazama miguu inatembeaje. Mdundo ulikuwa tayari ndani ya picha. Kazi yake ilikuwa kuusikia.

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Mlima unaoitwa Isuria ni ukuta mrefu wa ardhi unaotoka Kenya na kuingia kwetu pande za Tarime. Upande wa Kenya, juu ya Maasai Mara, ndiko zilikopigwa baadhi ya picha za Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985. Ina matukio mawili ya muziki yasiyosahaulika. Moja ni santuri ya Mozart, ile konseto ya klarineti, ikipigwa porini kwenye gramafoni mbele ya nyani wanaoshangaa. Jingine ni la ndege. Denys, anayechezwa na Robert Redford, anamrusha mpenzi wake Karen kwa ndege ndogo ya manjano, mabonde yanapita chini yao, flamingo wanainuka ziwani kwa maelfu, na fidla za John Barry zinapanda taratibu mpaka Karen anaponyoosha mkono nyuma na Denys kuushika. Hakuna neno linalosemwa.

Pollack mwanzoni alikuwa amebandika muziki wa asili wa Kiafrika juu ya picha zake. Barry alimpinga. Kwa maoni yake hadithi ile ilikuwa ya watu wawili wanaopendana, na muziki ulipaswa kuwa wa mioyo yao. Alipata Oscar, na kwa hadithi aliyopewa nadhani alikuwa sahihi. Lakini fikiria matokeo yake kwa upande wetu. Wale wawili wana muziki kwa sababu wana mioyo. Watu wengine waliomo ndani ya filamu, wabeba mizigo, wapishi, wapagazi wa bunduki, hawana fidla hata moja ya kwao.

Mmoja wa waliosimama nyuma ya Denys katika filamu hiyo anaitwa Kanuthia. Orodha ya waigizaji inaonyesha aliyeicheza nafasi hiyo ni Job Seda. Hana mengi ya kusema. Anafuata, anasaidia, anatazama. Watazamaji wachache sana walijua kwamba kijana huyo ni mwanamuziki, Mjaluo aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, aliyekuwa amepitia bendi za Nairobi za Black Savage na African Heritage, na kwamba ala yake ni nyatiti.

Mwaka mmoja baada ya Out of Africa, alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Alipiga barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, hadi watu wa WOMAD, tamasha lililoanzishwa na Peter Gabriel, walipomsikia. Mwaka 1993 lebo ya Real World ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo, kwa jina ambalo dunia inamjua nalo: Ayub Ogada. Ndani yake kuna "Kothbiro", wimbo wa mvua inayokuja na ng'ombe wanaopaswa kurudishwa nyumbani. Nyuzi nane, sauti moja, na nafasi nyingi ya kimya katikati.

Mwaka 2005 Fernando Meirelles alitoa The Constant Gardener, aliyoipiga picha Kenya, ikiwemo Kibera na Ziwa Turkana. Mtunzi wa muziki alikuwa Mhispania Alberto Iglesias, na kazi yake iliteuliwa kuwania Oscar. Yeye na Meirelles walifanya jambo ambalo Barry hakulifanya: waliiweka "Kothbiro" ndani ya filamu, ikaimbwa kwa Kijaluo, bila tafsiri na bila okestra ya kuifunika. Tangu hapo nimekutana na watu wasiokumbuka jina la kampuni ya dawa iliyokuwa mhalifu wa hadithi ile, wala mwisho wa yule mwanadiplomasia, lakini ukiwaimbia mstari wa kwanza wa nyatiti wanainua vichwa. Mtu aliyekuwa amesimama kimya nyuma ya Robert Redford mwaka 1985 alikuwa, miaka ishirini baadaye, ndiye anayeibeba huzuni ya filamu nzima. Ogada alifariki Februari 2019 nyumbani kwake karibu na Kisumu. Mwaka mmoja kabla, Kanye West alikuwa amechukua kipande cha "Kothbiro", kwa rekodi ya zamani ya Black Savage, na kukiweka katika wimbo wake "Yikes". Wimbo wa mchunga ng'ombe wa Nyanza ulikuwa umefika huko kwa miguu yake wenyewe.

Nyatiti haijui mpaka. Rorya, iliyokuwa sehemu ya Tarime kabla ya kuwa wilaya mwaka 2007, ni nchi ya Wajaluo, na nyatiti hupigwa huko: mpigaji ameketi chini, njuga za chuma mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu akigonga nayo ubao wa ala. Ukipanda milima kutoka Rorya unaingia kwa Wakurya, na hapo ala inabadilika. Ni litungu.

Litungu ni ndugu mkubwa wa nyatiti. Lina bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, miti miwili inayopanda, mti mwingine unaolala juu yake, na nyuzi nane. Zamani nyuzi za ala hizi zilitokana na mishipa ya ng'ombe; siku hizi nailoni ya wavuvi imeingia. Kinacholitofautisha ni sauti yake ya chini sana, yenye mkwaruzo, kama ng'ombe dume anayeguna usingizini. Mgeni akisikia mkwaruzo ule mara ya kwanza hudhani kifaa kimeharibika. Umewekwa makusudi. Ndio unaoifanya noti moja ijae chumba kizima, na ndio unaobaki hewani mpigaji anapoinua kidole na kuanza kusema, maana mpiga litungu ni msimulizi pia: husifu ukoo, humsema mtu mbele ya watu, hukumbusha mambo yaliyopita. Nje, kwenye sherehe, kuna ngoma na wachezaji wenye viatu vizito vya mbao vinavyoipiga ardhi yenyewe iwe ngoma.

Sasa usemwe ukweli: je, kuna sauti inayoukaribia mguno wa nyumbu kuliko hiyo? Saa zile za kusubiri ukingoni, wanyama wakisogea na kurudi, ni saa za litungu kabisa. Uzi mmoja wa chini unarudiwa. Wa pili unaingia na kuondoka. Mpigaji hana haraka kama wao wasivyo na haraka. Hakuna haja ya kumtangaza mamba kuwa muuaji. Mwache aje kama anavyokuja, naye ana njaa. Na nyumbu wakishajitupa, nyamaza. Acha mguno wao na maji vichukue nafasi. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote kwa watengenezaji wa leo.

Najua swali litakalofuata: ala moja ya kijijini itabebaje filamu? Jibu liko Vienna. Mwaka 1948 mwongozaji Mwingereza Carol Reed alikuwa huko akitengeneza The Third Man, hadithi ya mji uliobomolewa na vita na ulanguzi wa dawa. Alimsikia mtu aitwaye Anton Karas akipiga zita, ala ya nyuzi inayolala mezani, ya kutumbuiza wanywaji wa mvinyo. Karas hakuwa amewahi kutunga muziki wa filamu. Reed alimchukua hadi London, akamketisha mbele ya picha, na filamu nzima ikapigwa zita tupu. Ilipotoka mwaka 1949 ilianza na picha ya nyuzi zenyewe zikitetemeka chini ya majina ya waigizaji. Mwaka 1950 wimbo wake ulishika namba moja Marekani kwa wiki 11. Karas alirudi kwao na kufungua kilabu chake cha mvinyo. Tangu siku hiyo Vienna iliyovunjika ina sauti, na hakuna anayeuliza kwa nini haikuwa okestra, ilhali huo ndio mji wa okestra kuliko miji yote.

Wasomaji waliokulia kwenye sinema za Kihindi wana mfano wao. Katika Sholay ya mwaka 1975, yenye muziki wa R.D. Burman, watu hufyatuliana risasi kwa saa tatu. Lakini ukimuuliza mtu mzima aliyeiona, atakueleza jioni ile mhusika Jai ameketi barazani akipuliza kinanda cha mdomo, na ng'ambo ya ua mjane Radha anazima taa moja moja. Hawasemezani. Kinanda kidogo cha mfukoni kimesema yote, na tunajua kinatoka wapi kwa sababu tunamwona anayekipuliza.

Kwenye vibanda umiza vya miji yetu, Tarime ikiwa mmojawapo, muziki wa filamu una maisha mengine. Huko filamu hutazamwa ikiwa imetafsiriwa na mafundi wanaosimulia kwa sauti zao, kama Lufufu kwa upande wetu na DJ Afro kwa Wakenya. Mtafsiri akiongea, muziki unazama, akinyamaza, unaibuka. Wapo wanaoona huko ni kuharibu filamu. Mimi naona ni jambo la kuheshimiwa. Mtafsiri mzuri anajua pa kukaa kimya: mapigano yakianza hukaa pembeni na kuacha ngoma zifanye kazi, mapenzi yakianza hupunguza sauti. Amejifunza upatanisho wa muziki na tukio kwa kusikiliza maelfu ya saa, na hakuna chuo kilichomfundisha.

Filamu zetu wenyewe zimechelewa hapo. Kwa muda mrefu Bongo Muvi ilizoea kinanda cha kompyuta kinacholia mwanzo hadi mwisho, na pale mhusika anapolia huingia wimbo unaosimulia upya kila kitu tulichokwisha kukiona. Mtazamaji hapewi nafasi ya kuhuzunika mwenyewe. Ndiyo maana niliifurahia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, kutoka riwaya ya Adam Shafi. Mhusika Mwajuma anachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab kwelikweli. Taarab ndani ya filamu ile inatoka kwa watu tunaowaona, katika Zanzibar ya miaka ya 1950 iliyojaa siasa, na ni sehemu ya maisha yao. Unguja imepata sauti yake kwenye skrini. Kwa nini Mara isipate?

Kazi yenyewe si ya kuomba serikali. Inaanza na kurekodi vizuri. Litungu linahitaji chumba kimya na kipaza sauti kinachoweza kubeba sauti za chini. Simu ya mkononi hudhoofisha sauti hizo za chini na kuacha nyuzi za juu, na ndiyo maana video nyingi zilizo mtandaoni haziwezi kutumika kwenye filamu hata mtengenezaji akizipenda. Nyanda za magharibi mwa hifadhi, Ikorongo na Grumeti, zina wageni wa filamu karibu kila mwaka. Mtu wa uhariri akiwa London anatafuta muziki kwa haraka, kwenye maktaba zilizopangwa, na huchukua kilichopo. Litungu lisipokuwepo hapo atachukua ngoma ya Afrika Magharibi, ataiweka juu ya Mto Mara, na hakuna atakayemuuliza.

La pili ni haki. Filamu inapotumia wimbo hulipia vitu viwili: utunzi, na rekodi yenyewe. Mzee anayepiga litungu kwenye sherehe kwa kawaida hana karatasi inayoonyesha ni mwenye kimojawapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji, na ina sehemu yake ya sanaa za jadi, ambamo ruhusa ya kuzitumia kibiashara ipo chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Ofisi ya hakimiliki, COSOTA, inasajili kazi. Maofisa utamaduni wa Tarime na Serengeti wangeweza kukaa na wapigaji wa wilaya zao msimu mmoja wa kiangazi na kuwasajili wote, wimbo kwa wimbo, kabla hawajazeeka zaidi.

La tatu ndilo ninalolishikilia kuliko yote. Siku filamu ya kwanza ya kuvuka kwa nyumbu itakapotumia litungu, mwisho wake isiandikwe "muziki wa asili wa Wakurya". Karas aliandikwa kwa jina. Ogada aliandikwa kwa jina. Mpigaji wa Tarime naye aandikwe: jina lake, jina la baba yake na kijiji chake, kwa herufi zenye ukubwa sawa na za mpigapicha.